Kufukiza

Huna jicho, huna mguu, huna hata kivuli.
Uzi uliokatika, mfupi kuliko nukta,
na bado umenila ekari mbili.
Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema.
Changu ki udongoni,
nilipopigia magoti miaka thelathini.

Nilikujua kwa figili.
Novemba ile Yasumichi aling'oa ya kwanza,
ikatoka na miguu miwili, imekunja mmoja juu ya mwenzake
kama mtu anayesubiri zamu kwa daktari wa meno.
Tulicheka. Ya pili ilikuwa na mitatu.
Ya arobaini hatukucheka tena.
Sokoni wanapima kwa rula:
nyeupe, nyoofu, isiyo na doa, nane kwa sanduku.
Zenye panda tulizitupia trekta lizisage,
na ukali wake ukakaa juu ya rasi ya Miura wiki nzima.

Ndipo tukaanza kukufukiza.

Neno zuri, kufukiza. Lina udi ndani yake,
lina nguo za kitoto kichanga.
Lakini hii haikuja na chetezo.
Ilikuja na debe lililochorwa fuvu,
na barakoa mbili, moja imekatika ukanda,
na sindano ya chuma izamayo sentimita kumi na tano:
tone, hatua, tone, hatua,
yeye mbele akidunga, mimi nyuma nikiziba matundu kwa kisigino,
kisha plastiki, kingo zikizikwa mchangani
ili mvuke usitoroke kabla haujakufikia.
Agosti. Jasho linachuruzika ndani ya glavu.
Na macho! Macho yanamwagika yenyewe.
Wapita njia hupandisha vioo vya magari.

Siku kumi na nne. Tukafunua, tukalima, tukaacha upepo uingie.
Kisha jaribio: udongo kidogo kwenye chupa ya jemu,
pamba mbichi, mbegu ishirini juu yake, kifuniko.
Zikiota, panda. Zikinyauka, ngoja.
Yasumichi aliiweka dirishani kando ya mswaki wake,
akazihesabu kila asubuhi akisahau kupiga mswaki.

Alikufa Julai, si kwa dawa, kwa mshipa wa kichwani.
Daktari alinieleza mara mbili, nikamsikia mara moja.
Nyumbani ana ubani wake, kijiti kimoja kila alfajiri,
na mbele ya picha ile macho yangu ni makavu kama karatasi.
Lakini Agosti jirani, Kusakabe, alikuja kunisaidia kufukiza.
Nililia kutoka mstari wa kwanza hadi plastiki ya mwisho.
Hakuna aliyeniuliza. Kusakabe naye alikuwa analia,
mwanawe analia, mbwa wao analia.
Nikasema, upepo umegeuka.
Wakasema, kweli, umegeuka.

Miaka sita sasa nalia humo, mara moja kwa mwaka,
kwa kibali.

Mwaka huu bibi shamba Nagisa, buti mpya, kucha safi,
aliniletea mfuko wa mbegu za marigoldi.
Panda Mei, akasema, lima Agosti yakiwa bado na maua.
Mizizi yake huwaalika; wakiingia hawatoki.
Akanionyesha wewe kwenye darubini.
Ulikuwa ukijikunja, ukijikunjua,
kama mkono unaotafuta miwani gizani.
Sikukuchukia vya kutosha. Hilo liliniudhi.

Nimepanda. Ekari moja na nusu ni rangi ya chungwa,
watalii wanasimama kupiga picha, nyuki hawana adabu.
Ile nusu ya kando ya ukuta wa bahari
nilimwambia Nagisa mbegu hazikutosha.
Mfuko uko chini ya sinki, una mbegu hadi robo.

Kesho asubuhi Kusakabe ataleta sindano.
Ule ukanda nimeushona.
Nitaufunga, lakini kwa ulegevu kidogo,
upande wa macho.